Wito wa Tatu

Sehemu kubwa ya utoto wangu ilipita ndani ya majengo ya watu wengine, maana Mama alikuwa msafishaji na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Nilipokuwa na miaka minane, kila Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye baa moja ya kale iliyowahi kuwa nyumba ya wageni, katika kijiji kidogo nje ya mji wa Upper Marlboro, huku ughaibuni. Jengo lile lilikuwa limesajiliwa kuwa la kihistoria. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba, na wapita njia walisimamisha magari ili wakipige picha. Mama hakuwahi kukisoma. Alichokijua ni kwamba mbao za sakafu zilikunywa maji ya deki bila kushiba, na kwamba ngazi za kushukia stoo ya chini zilikuwa zimeoza. Mwenye baa alisema anangoja kibali cha kuzitengeneza.

Bibi, mama yake Mama, aliishi Singida. Nilipomsimulia kwa simu habari za nyumba ile, alinionya.

"Nyumba iliyolaza wasafiri wengi haikosi wenyewe," akasema. "Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike, mjukuu wangu. Ngoja mara ya tatu. Jini haiti mara tatu."

Jumamosi moja ya baridi kali, Mama aliniacha ghorofani na kalamu zangu za rangi, akashuka kuchukua sabuni. Muda ukapita. Kisha nikasikia, "Rehema!"

Sauti ilitoka chini kabisa, nzito, haikufanana na ya Mama. Nilikwisha kufungua mdomo nilipomkumbuka Bibi. Nikahesabu moja. Baadaye ikaja tena, imefifia. Mbili. Nikaziba masikio, kisha nikaogopa kuikosa ya tatu, nikayazibua.

Ya tatu haikuja. Nilikaa palepale mpaka mpishi alipofika karibu na adhuhuri na kuanza kupiga kelele.

Ngazi ilikuwa imevunjika chini ya Mama. Alikuwa amelala gizani zaidi ya saa mbili, paja limevunjika. Baada ya miezi kadhaa alirudi kazini, kwenye baa nyingine, akichechemea. Nilipomweleza Bibi peke yake, alilia kwenye simu, na mpaka anafariki hakunionya tena juu ya jambo lolote.

Sikumwambia Mama kwamba nilimsikia. Nimelibeba jambo hilo hadi utu uzima, hadi hapa mjini Bowie, na kusema kweli limenichosha. Mwaka juzi, nikimkanda mguu baada ya zamu yangu, likanitoka.

"Mama, siku ile nilikusikia."

"Najua."

"Sasa mbona hukuita tena?"

Alivuta blanketi. "Nilipoita mara ya pili ukanyamaza, nikajua Bibi yako ameshakufundisha. Hata mimi alinifundisha. Nikaona afadhali. Ungekuja mbio, ungeangukia mlemle."

Akasinzia, mguu wake ukiwa bado mikononi mwangu. Huenda alisema kweli. Huenda pia hakuwa na nguvu za kuita tena, na maneno yale aliyatunga miaka mingi baadaye ili mwanawe apumzike. Nimeamua kutomuuliza. Kati ya Bibi aliyenionya na Mama aliyenyamaza, sijui ni yupi aliyeniokoa, ila najua wote wawili walitaka niokoke.