Bakuli la Mama na Mbwa Wawili

Udongo mbichi ukisuguliwa kwenye bati una harufu yake. Si ya mvua wala ya shamba lililolimwa. Ina chuma ndani yake, kama kulamba kijiko kitupu. Kila nikiisikia, hata leo nikiwa mama wa watoto, narudi Kerege kwenye kiwanja cha Mama Joyce, nina miaka kumi na minne.

Baba alikuwa mlinzi wa kiwanja hicho, na sote tuliishi humo humo katika chumba cha mlinzi. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nikaacha shule darasa la sita ili nibaki na wadogo zangu: Hamisi wa miaka tisa na Zuwena wa miaka mitano. Baba alituachia pia mbwa wake, Waseme. Alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, maana Mwislamu akifuga mbwa hakosi kusemwa, hata kama ni mbwa wa ulinzi. Waseme alikuwa mweusi, mzito wa kuamka, na tangu baba azikwe hakutaka kuguswa na mtu.

Shangazi yetu wa Dunda alikuwa ameshatugawa kichwani. Mimi niende Msata kwa jamaa anayeuza chakula stendi, Hamisi akae kwake, Zuwena apelekwe kwa bibi mmoja ambaye hatukuwahi kumwona. Mama Joyce, mwenye kiwanja, aliyekuwa akiishi Dar, akamwomba asubiri kwanza. Jumamosi moja akaja na boksi kwenye gari. Ndani mlikuwa na kitoto cha mbwa aina ya Labrador, rangi ya andazi lililoiva vizuri.

"Waseme amezeeka," alituambia. "Huyu ndiye atakayelinda. Mleeni. Nikirudi mwisho wa mwezi nikamkuta salama, mtakaa hapa. Nikimkuta vibaya, Mwajuma mwanangu, itabidi nitafute mlinzi mtu mzima, na chumba hiki kitakuwa chake."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi.

Mbwa alikuja na jina la Goldi. Zuwena alimwita Godoro, kwa jinsi alivyokuwa laini, na hilo ndilo aliloitikia. Mimi sikumgusa. Nilimsukuma kwa mguu, nikamswaga kwa fagio, kwa kuogopa mate yake kwenye nguo ninayoswalia, maana mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Waseme naye hakumtaka. Godoro akimkaribia alinyanyua mdomo wa juu tu, bila sauti, kisha akageukia ukuta.

Nikaamua kuwapatanisha, kwa njia pekee niliyoijua. Sisi watatu tulikula sinia moja kama wazazi wetu walivyotuzoesha. Mgeni akija alisogezewa nafasi, na akishanawa mkono alikuwa wa nyumbani. Basi nikachukua sinia bovu lililotoboka ukingoni, nikalijaza ugali wa pumba na vichwa vya dagaa, nikawaweka mbwa wote wawili pale. Waseme akinguruma nilimpiga kijiti cha mgongo. "Wewe mkubwa," nilimwambia. "Mkubwa humwachia mdogo."

Alinivumilia siku nane. Siku ya tisa, ikiwa imebaki siku tatu Mama Joyce aje, nikiwa kisimani nilisikia ukelele ambao sijausikia tena kwa mnyama yeyote. Nilipofika, Godoro alikuwa anazunguka kama pia, upande mmoja wa uso wake mwekundu mtupu. Waseme alikuwa amesimama juu ya sinia, mkia chini, hali chakula. Zuwena alikuwa amejifunika macho kwa viganja.

"Jicho limetoka!" Hamisi alipiga kelele. "Dada, jicho limetoka! Tunahamishwa!"

Nilimnyanyua Godoro. Mate, damu, mkojo, vyote vilinimwagikia kifuani. Nikamfunga kwa kanga na kutoka mbio barabarani. Bodaboda wa kwanza alisimama, akachungulia ndani ya kanga, akarudi nyuma.

"Dada yangu, nilidhani mtoto! Huyo simpakii. Pikipiki hii nitaiosha mara saba na udongo mimi?"

"Nitakuoshea mwenyewe, kaka. Wallahi mara saba."

"Na mimi je? Nitaoshwa na nani?" Wenzake kijiweni wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza nimejifungua lini. Nikatembea hadi kwa bwana mifugo. Jua lilikuwa kali, na kila Godoro alipotulia nilimtikisa ili alie, nijue yu hai.

Bwana mifugo alimsafisha, akamchoma sindano, akalifunua jicho kwa vidole. Jicho lilikuwepo. Jino lilipita chini yake, upana wa punje ya mchele.

"Mnawalishaje?" aliuliza.

"Kwenye sinia moja, shikamoo."

Salamu ilinitoka mwisho, kwa woga. Akacheka mpaka akashika meza. "Marahaba. Mbwa hawana sinia, binti. Kila mmoja chombo chake, mbali na mwenzake, na mzee aanze."

Chombo chake. Nyumbani tulikuwa na masufuria mawili, sinia letu, na bakuli jeupe la bati lenye maua mekundu, ambalo mama alikuwa akinywea uji wake wa alfajiri. Hakuna aliyelitumia tangu afe. Nililishusha rafuni, nikalishika kwa muda, kisha nikalijaza ugali na kuliweka upande wa pili wa nyumba, mbele ya Godoro. Waseme nikamwachia sinia bovu, na nikamwandalia yeye kwanza.

Shangazi alifika siku iliyofuata, akalikuta.

"Bakuli la marehemu! Analamba mbwa! Mwajuma, umerogwa?"

"Nitaliosha, shangazi."

"Osha. Halafu funga nguo zenu. Keshokutwa huyo mama akiliona hilo kovu, nawachukua."

Hamisi alinishauri tuseme Godoro alijikwaruza kwenye seng'enge. Nilitaka kukubali. Nilifanya mazoezi ya uongo huo nikichota maji, nikiupanga vizuri. Lakini gari liliposimama na Mama Joyce akainama kumtazama usoni, mdomo wangu ukasema, "Waseme kamng'ata. Kosa ni langu. Niliwalisha pamoja."

Alizunguka nyumba. Akaliona sinia bovu huku na bakuli la maua kule. Akakaa kwenye kizingiti na kuniangalia muda mrefu, shingo yangu, viwiko vyangu.

"Na wewe," akasema, "unakula wapi?"

"Na wadogo zangu. Sinia moja."

"Unashiba?"

Nikasema nashiba. Akainuka, akasema tubaki. Wiki iliyofuata alituletea mchele, na sahani tatu. Nilizipokea kwa heshima, nikaziweka juu ya rafu. Nilidhani anatudharau kwa kula kwa mkono kwenye sinia.

Godoro alikua akawa mkubwa kuliko mlango wa banda, na alilala ubavuni mwa Waseme mpaka Waseme alipokufa. Siku tulipomzika, bwana mifugo, aliyekuwa amekuja kumchanja Godoro, alifungua kinywa cha mzee yule akanionyesha. Magego karibu yote yalikuwa yameoza, yale mengine hayakuwepo. "Huyu alikuwa anatafuna kwa maumivu miaka," alisema. "Kitoto kilikuwa kinammalizia chakula."

Nikaanza kufukia. Ilinichukua miaka kuliona lililobaki. Kwenye sinia letu mimi nilimega tonge dogo, nikatafuna polepole, nikajifanya nazungumza, mpaka Zuwena na Hamisi wapanguse ukingo. Kila siku. Nililala na njaa nikiiita ukubwa. Na kile kijiti nilichompigia Waseme, sikumpigia kwa sababu ya kitoto. Nilimpiga kwa sababu alithubutu kunguruma, nami sikuthubutu.

Lile bakuli nililiosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, nikisugua mpaka kucha zikauma. Ninalo bado. Wadogo zangu wakija na familia zao tunaandaa sinia kubwa, tunabanana. Ila mimi napakua changu kwanza, nakiweka kwenye maua mekundu, na nakula mpaka nashiba.