Gari ya Maiti Ilivyobeba Mzazi

Sisi watu wa Koboko tunajua kuzika. Mtu akikata roho asubuhi, kabla jua halijasimama turubai limefungwa, sufuria kubwa ziko motoni, unga wa muhogo umemiminika kutoka kila nyumba, na vijana wanachimba bila kuitwa. Chama chetu cha mazishi kina viti, kina sufuria, kina chungu cha fedha tunazochanga, na kina makubaliano na mwenye pikapu moja ya kuleta maiti kutoka popote alikofia. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu mwema au mwizi. Amekufa, basi ni wetu.

Lakini ukiwa mgonjwa! Watakuja watajaza nyumba, watakaa mpaka chai iishe, watasema pole. Pole haiwashi gari.

Mjukuu wangu aliolewa Midia, kule karibu na mpaka. Analima kuliko mumewe, na mumewe mwenyewe anakubali, nami kwa ajili hiyo natembea sokoni kifua mbele. Mimba yake ya kwanza ilikwama. Muuguzi wa kituo cha afya alisema apelekwe hospitali kubwa ya Arua akapasuliwe. Dereva wa ambulensi akafungua viganja vyake vitupu. "Mama, gari iko. Mafuta hapana." Tukahangaika kuomba huku na huku. Tulipofika Arua mtoto alikuwa ameshakwenda. Kesho yake pikapu ya chama ikaja kumchukua yule mtoto kumleta nyumbani, na tangi lake limejaa.

Jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliposhika mimba ya pili, muuguzi yuleyule hakuzunguka maneno. "Huyu atazaliwa Arua, kwa kisu. Mkichelewa tena, safari hii mtapoteza wawili." Basi nikawa sina kazi nyingine akilini. Kulima nilikuwa nalima, kuuza nilikuwa nauza, lakini nilikuwa nafikiria gari.

Miezi hiyohiyo alikuja bwana mmoja kutoka Kampala kutueleza habari ya bima ya afya, ambayo sheria yake bado iko bungeni. Alisema Kiswahili safi cha redio. "Ndugu zangu, hospitali za serikali ni bure!" Wanawake tukaangua kicheko. Akadhani tumefurahi, akatabasamu. Jirani yangu akamwambia, "Kweli baba, iko bure kabisa. Mimi nakwenda bure, narudi bure." Hapo akaelewa. Akacheka naye, akavuta kiti, akaacha Kiswahili cha redio.

Alisema dawa, mshahara wa daktari, mafuta ya ambulensi, vyote vinatoka kwenye kodi, na kodi haitoshi. Wafadhili wa ng'ambo waliotia mkono wameanza kuutoa. Watu wa mshahara ni wachache. Wengi ni kama sisi, tunauza muhogo na simsim, hakuna mshahara wa kutukatia. Na wanasiasa, uchaguzi ukikaribia, wote wanaahidi matibabu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuwaambia watu watoe.

Nikamuuliza, "Na hiyo sheria ya bima itapita lini, mwanangu?"

"Mama, sijui."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wengine wote wanaokuja hapa wanajua.

Nilirudi nyumbani nikiwaza: serikali nzima inababaishwa na swali lilelile la chama chetu, nani atoe na nani ahesabiwe. Lakini mjukuu wangu tumbo halingoji bunge. Jumapili, kikao cha chama kilipokaa, nikasimama nikasema pikapu imbebe mzazi kabla haijambeba maiti, na mafuta yatoke kwenye chungu chetu cha mazishi.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa utani wangu, dada yake aliolewa kwetu. Akatikisa kichwa. "Wewe mama, ukilipia ugonjwa kabla haujaja, unauita."

"Na kifo tumekilipia miaka yote hii, shemeji. Mbona wewe bado uko? Tena kwenye matanga wewe ndiye wa kwanza kwenye sahani."

Watu wakacheka, hata yeye. Lakini mwanamume mmoja nyuma hakucheka. "Huyo aliolewa. Sasa ni mutu ya Midia. Watu ya Midia wabebe mutu yao."

"Akifa, hutakwenda kumzika?"

"Akifa nitakwenda. Damu yetu."

"Kumbe mnangoja afe ndipo awe damu yenu!"

Nilidhani nimeshinda, lakini walikuwa wamekasirika. Nikaona nyuso zinafunga. Nikaketi.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyekimbia vita Sudan Kusini, anauza samaki wakavu sokoni. Alikuwa mwanachama tangu zamani, hajawahi kufungua kinywa. Ananiita haboba, yaani nyanya kwa Kiarabu chao. Alisema polepole, "Mimi nachanga kwa maiti zenu. Zangu ziko ng'ambo ya mpaka, hakuna siku pikapu itakuja kwangu kwa ajili yao. Sijalalamika. Leo naomba nichangie mutu mmoja ambaye nitamwona akitembea." Akaketi akajitengenezea kitambaa chake kichwani.

Yule mwanamume wa nyuma akainamisha kichwa. Mwenyekiti akajikuna ndevu. "Basi," akasema, "tujaribu kwa huyo mmoja. Tuone kama mbingu zitaanguka."

Uchungu ulianza mchana wa siku ya soko. Pikapu ikafika Midia haraka kuliko nilivyotegemea, mimi nimekaa na dereva. Mjukuu wangu akatoka, ameshika kiuno, akaiona gari akasimama kama mbuzi aliyeona mto.

"Nyanya, hii ni gari ya maiti."

"Ni gari."

"Ndiyo iliyomleta mwanangu. Sipandi."

Mama mkwe wake naye akaanza kulia kwamba tunaleta laana nyumbani. Maneno ya kumbembeleza sikuwa nayo. Nikakanyaga gurudumu, nikapanda nyuma na mifupa yangu yote hii, nikajilaza chali palepale jeneza linapolazwa. Mbao zilikuwa za moto, zinanuka vumbi na majani.

"Mimi ndiye mzee," nikapiga kelele. "Kama gari hii inataka mutu leo, ianze na mimi. Njoo ulale hapa kando yangu, uone itamchagua nani!"

Dereva akacheka mpaka akashika mlango. Mjukuu wangu alikuwa analia, halafu akawa analia na kucheka pamoja, halafu uchungu ukamkata vyote viwili. Mumewe akamnyanyua. Wakatutandikia godoro, tukalala pamoja, nikamshika mkono, nikatazama mbingu mpaka Arua, lami yote hiyo, na mbingu hazikuanguka.

Walimpasua jioni ileile, mama na mtoto wakatoka wazima. Msichana, mkubwa, mwenye sauti ya mpiga mnada. Nilipomwona daktari akitoka amechoka, nilielewa jambo moja: chungu chetu kilinunua mafuta tu. Kisu, dawa ya usingizi, taa, damu iliyokuwa inangoja kwenye friji, hivyo hakuna chama cha mazishi duniani kinachoweza. Vilitoka kwa watu nisiowajua, waliotoa kabla hawajanijua. Hiyo ndiyo kodi. Tangu siku hiyo, anayekusanya ushuru sokoni nampa bila matusi, lakini namwuliza mbele za watu imekwenda wapi, kila mara, na sasa wenzangu wameanza kuuliza pia.

Kikao kilichofuata kilikuwa vita. Wanawake walitaka kila mzazi abebwe, awe ameolewa Midia, Aroi au popote. Wanaume wakasema sawa, lakini na ngiri zetu hizi za kupasuliwa je? Mama mmoja akajibu, "Ngiri haizai!" Mwenyekiti akasimama kwa hasira, akasema ngiri yake inamwuma kuliko uzazi wowote, na wanawake wakamzomea mpaka akaketi. Mwingine akataka watoto wenye homa. Mwingine akasema chungu kitapasuka. Hatukukubaliana. Tulisema tukutane tena Jumapili.

Nilitembea kurudi nyumbani sauti imenikauka, na njaa. Miaka yote katika chama kile, ilikuwa mara ya kwanza tumegombana juu ya watu walio hai.