Mwaka Baba Alipouza Pamba Yote

Mtu ambaye hajalima pamba hawezi kujua kwamba sisi wakulima wa Bariadi tulikuwa tunauza mbegu zetu kila mwaka bila kubakiza hata moja. Pamba inatoka shambani na mbegu ndani yake, zimeng'ang'aniwa na nyuzi, huwezi kuzipukusa kama mahindi. Ukiipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika kupima, umepeleka vyote. Lori linabeba, kiwandani wanachambua, nyuzi zinaenda zao, na kabla ya mvua mbegu zinarudishwa kwenye ghala la chama, kila kaya inakwenda kuchukua zake. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Zilikuwa zinarudi tangu baba yangu akiwa kijana, na mimi nilidhani anayezileta ni yule yule anayeleta mvua.

Kumbe baba naye alidhani hivyo hivyo! Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu hata uji unapoa, na kwenye kila sala alishukuru kwa mvua, kwa ng'ombe na kwa mbegu, vyote kwa pumzi moja. Mimi mtoto nilikuwa na njaa, nilikuwa nafumbua jicho moja kuangalia kama uji bado unatoa moshi.

Basi mwaka huo soko likawa huria. Tulilisikia redioni hilo neno, tukalizoea kabla hatujalielewa. Msimu ulipofunguliwa wakaja wanunuzi wasio wa chama, na mizani zao na malori yao, wanakufuata mpaka nyumbani, wanalipa hapo hapo. Kijiji kizima kilichangamka. Vijana walinunua miwani ya jua, wakawa wanachunga ng'ombe nayo.

Mama, ambaye kwetu tunamwita mayu, ndiye peke yake aliyekuwa na maswali. Aliomba tubakize pamba kidogo, maana hawa watu hatujui kwao ni wapi na mbegu zetu zinakwenda wapi. Baba alicheka. Jioni ile kwenye sala ya familia akamwomba Mungu aondoe roho ya mashaka iliyoingia ndani ya nyumba hii. Wote tulijua anasemwa nani. Mayu aliitikia amina kwa sauti kubwa kutushinda sote, na kesho yake pamba yote ikapakiwa.

Yote, isipokuwa ile ya kwenye mito. Siku mbili kabla ya lori kuja mayu alikuwa ameshona mito minne mipya ya kulalia, minene ajabu. Baba aliisifia. Alilalia wake miezi na miezi akilalamika kwamba una vijiwe, na mayu akimjibu kwamba utalainika tu.

Ulilainika kweli, maana tulikuwa tunaupunguza. Baba akienda kwenye vikao vya kanisa au akiwapeleka ng'ombe kunywa maji, mayu ananiita nyuma ya nyumba, upande wa kivuli. Tunafumua mshono wa mto, tunachota kidogo, tunachambua kwa vidole, mbegu moja moja. Sijui nikueleze vipi kazi ile. Mbegu ya pamba haitoki kwa hiari, mpaka uivute na kuisokota, na jioni vidole vinawaka moto. Nyuzi tulizirudisha ndani ya mto, mbegu zikaenda kwenye chungu kilichovunjika mdomo, juu yake akatandaza choroko.

Nilimwuliza nikiulizwa na baba niseme nini. Akaniambia nisidanganye kamwe, ila nisijipitishe pitishe mahali pa kuulizwa.

Sasa hivi nina watu wazima wananiita mama, lakini wakinipa nafasi ya kurudi mahali popote duniani, nitarudi nyuma ya ile nyumba. Nitaisikia tena harufu ya pamba iliyokaa juani. Mayu alikuwa anaimba nyimbo za kanisani polepole kuliko zinavyoimbwa, katikati ya ubeti ananyamaza, midomo inacheza, halafu anaendelea. Tulikuwa na karanga mbichi kwenye kanga, tunatafuna tukichambua. Sijawahi tena kukaa na mtu kwa raha namna ile.

Miezi ikapita, mawingu yakaanza kujikusanya. Ghala la chama lilikuwa na kufuli, na ndani, ukichungulia kwenye ufa, ni mijusi tu. Watu wakaanza kuulizana. Baba akasema mbegu zitakuja, Mungu hajawahi kutuacha. Akapanda baiskeli mpaka Kasoli kuzitafuta, akarudi hana kitu. Akaenda Bariadi mjini. Mwisho alitueleza alichoambiwa: malori yale yalipeleka pamba mbali, na mbegu huko zimekamuliwa mafuta. Nani alipaswa kuturudishia, hakuna aliyejua. Chama kilisema ni wanunuzi, na wanunuzi walikuwa wameshaondoka.

Kwetu kukosa pamba maana yake ilikuwa kuhama. Baba mdogo alishatangulia Rukwa, mbali huko kusini, na ng'ombe wake, na kila salamu aliyotuma ilikuja na wito wa kumfuata. Baba akaanza kulisema hilo wakati wa kula, mwanzoni kama utani. Mayu alikuwa amezika watoto wawili upande wa juu wa zizi, kabla yangu. Kila baba alipotaja Rukwa, yeye aliacha kula.

Na bado alinyamaza! Hapo ndipo nilipomkasirikia. Mbegu tunazo, chungu kimejaa, baba anapiga baiskeli mpaka magoti yanavimba, na yeye anasema tusubiri. Mvua ya kwanza ikanyesha, tukasubiri. Ya pili ikanyesha. Nilimwona baba amekaa pembeni ya shamba lililolimwa, udongo mweusi umelowa vizuri, hauna cha kupandwa. Alikuwa anaomba kwa sauti, na zile sala ndefu zilikuwa zimemwishia. Alikuwa anasema, "Nimekosea wapi?" Anarudia hilo hilo. Nililia, nikakimbia nyumbani.

Mchana wa siku ya pili yake alilitoa jembe la kukokotwa na ng'ombe, akalifunga kamba, anampelekea jirani aliyekuwa analitaka. Tukiuza jembe, safari imekwisha kuanza. Mayu alimwangalia mpaka akafika kwenye uzio. Ndipo akamwita arudi, akaingia ndani, akatoka na chungu, akamwaga choroko kwenye ungo mbele yake.

Baba aliingiza mkono chunguni, akatoa mbegu kiganjani. Alizitazama, kisha akaangalia mlango wa chumba tunapolala. Naona hapo ndipo alipoikumbuka mito.

"Kumbe hukumwamini Mungu," akasema.

"Mungu nilimwamini, baba watoto. Chama ndicho sikukiamini, na wewe ulikuwa umeviweka pamoja."

Baba alilifungua jembe ile kamba, akalirudisha mahali pake. Halafu akaleta majivu na udongo, akaloweka zile mbegu, akapiga magoti kuzifikicha ili zisigandane, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya wanawake. Akaniambia, "Lete maji, ng'wanone." Ng'wanone kwetu ni mwanangu. Nikaenda kuchota.

Zilitosha ekari moja na kidogo. Kwingine tulipanda mahindi na dengu, na majirani wawili baba aliwapa kiganja kiganja, basi. Hatukuhama. Jumapili alisimama kanisani akaeleza yote bila kujitetea, hata habari ya kumwombea mkewe aondolewe mashaka, na watu walicheka mpaka mchungaji naye akacheka. Tangu hapo sala zake zikawa fupi, uji tukaunywa wa moto.

Baba ametangulia miaka mingi sasa. Baada ya mazishi nilikaa na mayu, nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu utoto. Kwa nini alimwacha baba ahangaike wiki zote zile, mbegu zikiwa chunguni? Nilimwuliza kwa ukali kidogo, nakiri.

Hakukasirika. Aliniambia alikuwa anangoja za baba zije.

"Kila mbegu niliyoichomoa," akasema, "nilimwomba Mungu alete zile alizozingoja baba yako, ili mimi ndiye nionekane mjinga."