Kitenge Chekundu Katika Beseni la Nsimire

Saa nne asubuhi, Odette Nsimire amesimama katikati ya soko la Kamembe akiwa amefumba macho, na wala hasinzii. Mikono yake iko nyuma ya mgongo. Mteja amemshikisha pembe ya kitenge ambacho yeye mwenyewe hajakiona, na vidole vinakisugua polepole, vinakikunja, vinakiachia.

"Hii bameichapa upande moja tu," anasema. "Bamepaka wanga mingi ili ikuwe nguvu. Ukiifula mara mbili, utapangusia meza."

Mteja anakigeuza. Kweli, upande wa nyuma umepauka. Waliosimama karibu wanacheka, na muuzaji wa meza ya tatu, ambako kitenge hicho kilitoka, anainama ghafla kutafuta kitu chini ya meza yake. Anakitafuta kwa muda mrefu.

Nsimire ana miaka hamsini na miwili, na kazi yake hasa ni kushona mifarishi, yale matandiko mazito ya kitanda yanayounganishwa kwa vipande vya vitenge vya kila rangi. Mfarishi mmoja humla wiki tatu na humpa faranga elfu tisini, nusu yake ikiwa imekwenda kwenye vitambaa. Lakini wengi wanaofika mezani kwake hawaji kununua mfarishi. Wanakuja na swali moja: hii ni wax ya kweli, au nimepigwa?

Si swali la bure. Wax nzuri, yaani kitenge kilichotiwa rangi kwa nta, iliyochorwa na mbunifu mwenye jina huuzwa hata elfu themanini kwa yadi sita. Mwigo wake, wenye maua yale yale na ndege wale wale, haufiki elfu kumi. Vikiwekwa mezani pamoja vinafanana kama mapacha.

Vidole vikishamaliza, Nsimire hufumbua macho. Hutafuta ile mishipa myembamba ambayo nta huiacha kwenye rangi, isiyofanana hata mara moja. Huchomoa uzi mmoja na kuuchoma, maana pamba huacha majivu na plastiki huacha kitone kigumu. Mwisho huja beseni jeupe, lenye maji na chumvi kidogo. Humo pembe ya kitenge huloweshwa, na kitenge chochote ambacho hakijapita humo hakikatwi na mkasi wake.

"Kikwembe ya kutoka rangi iko kama mulevi kwa arusi," anaeleza, akikiita kitenge kwa jina la kwao. "Kama angejichafua yeye peke yake, tungemuacha. Lakini anaangukia benye kukaa naye karibu."

Alijifunza haya utotoni, Kadutu, ng'ambo ya mto wa mpakani, katika mji wa Bukavu, kwa mama yake mdogo aliyekuwa akiuza vitenge. Ndiye aliyemzoesha kuweka mikono nyuma. "Alisema macho yangu inapenda maua sana," anakumbuka Nsimire, akicheka. "Alisema, batakuuzia maua na utasahau kuangalia nguo."

Alipoolewa na Sibomana, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kamembe, alivuka daraja na ujuzi huo. Mume alikuja kuonja ukali wake mapema. Siku moja alimletea mkewe kitenge cha zawadi, akauliza kwa madaha kama anaweza kukisia bei. Nsimire akataja bei ndogo, na akapatia kabisa. Sibomana alinuna siku mbili.

Ndivyo alivyo. Kwa kitambaa hadanganyi, awe ndugu, awe mume, awe nani. Wafanyabiashara wanaoleta marobota humwamini kwa sababu hiyo moja, na hiyo ndiyo ilimweka pabaya miezi mitatu iliyopita.

Binti yake Béatrice, mwalimu huko Mibirizi, alikuwa anaolewa na Mbarushimana, kijana wa Bugarama. Nsimire aliamua kumshonea mfarishi wa arusi. Kwa wateja wake kuna desturi aliyoianzisha mwenyewe: kila mama wa pande zote mbili analeta kitenge kimoja, na kabla ya kukatwa, kila kitenge hupimwa na kutajiwa bei mbele ya wote. Hutajwa kwa sauti, na vigelegele hufuata.

Jumapili ya upimaji huo uani kwake kulijaa akina mama, na mbele kabisa aliketi shoga yake Antoinette, muuza vitenge wa miaka mingi mwenye ulimi usiolala. Vitenge vilipita kimoja kimoja. Ndipo akasimama Mukankusi, mama yake Mbarushimana, mjane anayelima mpunga. Alikuwa ametoka Bugarama na kitenge chekundu chenye ndege wa njano, amekikunja ndani ya mfuko kama yai.

"Niliuza gunia mbili za muchele," alisema, uso ukimng'aa. "Nilisema mukwe wangu hatalala kwa kitu ya bure. Hii ni wax ya kweli, ya bei yote."

Nsimire akaweka mikono nyuma, wakampa pembe. Unga wa wanga ukabaki vidoleni.

"Vidole vilijua mbele mimi nijue," anasema sasa. "Nilisema, Mungu wangu, kwa nini usimupe huyu mama kikwembe ingine?"

Akisema kweli, anamwaibisha mama huyo mbele ya wakwe, na Béatrice ataingia nyumba ile kama mtoto wa aliyemtia aibu mama mkwe wake. Akisema uongo, Antoinette aliyekaa pale mbele atajua, na hadi Jumatatu soko zima litajua. Isitoshe, rangi ile nyekundu itamwagikia vitenge vingine vyote siku mfarishi utakapofuliwa mara ya kwanza, kitandani kwa mwanawe mwenyewe.

Béatrice alikuwa amesimama mlangoni. Anajua uso wa mama yake, na pale aliusoma wote. Chupa ya soda aliyoishika, anasema, alisahau kama anapaswa kuinywa au kuiweka chini.

"Sema basi, Mama Béa," Antoinette akahimiza. "Tuko tunangoja kupiga kelele."

Nsimire akafumbua macho. "Bamwana," alisema, akitumia neno la Kinyarwanda ambalo wazazi wa bwana na bibi arusi huitana, "kuja unisaidie. Hii tuifule sisi wawili."

Wakaenda nyuma ya nyumba. Mukankusi ndiye aliyetumbukiza kitenge kwa mikono yake. Maji yakawa kama yaliyochemshiwa maharage mekundu. Aliyatazama, akatazama viganja vyake, navyo vilikuwa vyekundu.

"Gunia mbili," alisema polepole. "Bamwana, gunia mbili."

Alikinunua kwa mchuuzi aliyekuwa akipita njiani, aliyeapa kwa mama yake na kwa mbingu. Nsimire hakumweleza kosa lake wala hakumpa pole ndefu. "Mimi sitasema kitu mbele yabo," alimwambia. "Kikwembe ni yako, neno ni yako. Ukitaka turudishe mu mufuko, tutarudisha."

Mukankusi alijifuta macho kwa kiwiko. Kisha akafanya jambo ambalo Nsimire bado analisimulia kwa sauti ya mshangao. Aliliinua beseni lote, zito vile lilivyo, akalibeba hadi uani na kulitua katikati ya akina mama, maji mekundu yakimrukia sketi.

"Muangalie!" alisema. "Bameniibia! Mimi muzee muzima, bameniibia muchana kweupe!"

Halafu Antoinette akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Karibu, dada," alisema alipopata pumzi. "Robota yangu ya kwanza yote ilikuwa hivi. Nililia kutoka darajani mpaka nyumbani." Mama mwingine akakumbuka kitenge kilichomtia buluu mwili mzima siku ya ubatizo wa mtoto wake. Mwingine akawa na hadithi mbaya zaidi. Muda si mrefu kila mmoja alikuwa anagombania kuwa ndiye aliyeibiwa vibaya kuliko wote.

Wakakunja mikono ya nguo zao. Walikifua kitenge kile kwa zamu, kwa chumvi na kwa nyimbo, wakimwaga maji na kuteka mengine, hadi beseni likaonyesha tena weupe wake. Nyekundu ile kali ilikuwa imekwisha. Ilibaki rangi tulivu kama ya ndani ya pera, na ndege wa njano walionekana vizuri kuliko mwanzo.

"Sasa bei!" wakadai.

Nsimire akaweka tena mikono nyuma. Alipima, akapima tena. "Asubuhi ilikuwa ya elfu saba," alisema. "Sasa ni elfu nane. Ile elfu moja ni ya jasho yetu."

Mukankusi ndiye aliyecheka kuliko wote, na vigelegele alivyopigiwa vilizidi vya wax yoyote iliyopita siku ile.

Hata hivyo Nsimire hakukiweka katikati ya mfarishi kwa kumhurumia. Alikishona kwenye kingo, ambako hakuna uzito wa kukivuta, na nyuma yake akakitilia pamba ya shuka kuukuu, kwa sababu bado kilikuwa chepesi. Mukankusi alipouliza sababu, aliambiwa vile vile ilivyo. Akaitikia kwa kichwa, akakubali.

Wiki iliyopita Béatrice alipiga simu. Mfarishi ulikuwa umefuliwa mara ya kwanza, na aliyeufua ni mama mkwe wake, aliyekataa mtu mwingine asiuguse. Maji yalitoka meupe. "Nilimusikia nyuma ya simu akipiga kelele," anasema Nsimire, na macho yake yanalowa bila kificho. "Alikuwa anasema, mwambie bamwana, mwambie, meupe!"

Sasa ana mpango. Anaweka akiba kila wiki ili akodi kibanda chenye bomba sokoni, aweke mabeseni matatu na kamba ya kuanikia, mtu yeyote apate kulowesha pembe ya kitenge kabla ya kutoa hela yake. Cha pili anataka kifunguliwe Bugarama, na msimamizi tayari amempata.

Msimamizi mwenyewe yuko sokoni leo. Ameleta mchele, ameuza, na sasa Mukankusi anazunguka meza za vitenge kwa madaha. Anasimama mbele ya muuzaji wa meza ya tatu. Anafumba macho, anageuka, anaweka mikono nyuma ya mgongo na kungoja apewe pembe.

Muuzaji anaitazama mikono ile. Anamtazama Nsimire kule mezani kwake. Anahema.

"Maman, usijisumbue," anasema. "Ni ya elfu saba."