Kwa Kinga hadi Bangboka, Kumwona Ndoyi Wangu

Nilikwenda Bangboka, penye uwanja wa ndege nje ya mji wetu, kwa sababu mdogo wangu Feza alizaa mtoto wa kike, akampa jina langu, Asha, akawa ndoyi wangu, na mimi sikuwa nimemshika hata mara moja. Alipozaliwa nilikuwa katikati ya matibabu ya kifua kikuu. Nilimeza dawa mpaka mwisho, makohozi yakapimwa, muuguzi akaniambia nimepona na siwezi kumwambukiza mtu. Nilimsikia, lakini sikumwamini. Nyumbani kwetu Kabondo, mjini, niliendelea kutenga sahani yangu na kikombe changu. Mimi ni fundi wa nguo, lakini cherehani yangu ilibaki imefunikwa. Nikikohoa mara moja tu, siku hiyo sikutoka tena mlangoni.

Aliyenitoa ni tonton Saidi, mdogo wa marehemu baba. Miaka mingi alibeba abiria mjini kwa baiskeli, kazi tunayoiita toleka, mpaka pikipiki zikawachukua wateja. Jioni moja alikuja akisukuma baiskeli mbili, kinga kama tunavyoziita.

"Asha, kuya upande kinga."

"Tonton, mi sina pumzi."

"Pumzi iko. Unaiogopa tu. Bon, tuzunguke musikiti, kisha tunarudi."

Tukazunguka msikiti. Kesho yake tulifika mbali kidogo, na siku nyingine mbali zaidi. Hakuniuliza habari za kifua hata siku moja. Aliuliza tu kama kiti kiko juu sana. Wiki zikapita, nikaanza kulala bila kusikiliza pumzi yangu mwenyewe. Ndipo nilipomwambia nataka kwenda kwa Feza. Tonton alibonyeza matairi kwa kidole gumba, moja baada ya jingine.

"Alors, tuende Jumamosi."

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa bado haujainuka. Nilivaa suruali chini ya kitenge, nikafunga kwenye kiti cha nyuma gauni dogo nililomshonea mtoto kwa mkono, kazi yangu ya kwanza tangu niugue. Tulishika barabara ya Ituri. Watu wa vijijini walikuwa wakiingia mjini, na karibu kila mmoja alisukuma baiskeli iliyozama chini ya magunia ya makaa au mikungu ya makemba, ndizi zetu za kupika. Mama mmoja alishuka kilima tulichokuwa tukipanda, akiizuia baiskeli yenye mzigo wa majani ya pondu, yaani kisamvu, uliomzidi urefu, jasho likimtiririka, na bado alipata pumzi ya kunisalimu.

"Kaza, mama! Kule juu kuko upepo!"

Na kweli upepo ulikuwepo. Nilisimama pale juu nikamtazama akishuka kuelekea soko, na nilimheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Baada ya nyumba za mji kwisha, lori lililotoka Bafwasende likatupita kwa kasi. Vumbi jekundu likatufunika. Nikakohoa, nikashindwa kunyamaza, nikaiangusha baiskeli majanini na kukaa chini. Nilijua ugonjwa umerudi. Nilijiona tena kitandani, nimegeukia ukuta.

"Turudi, tonton. Siwezi kumupelekea mutoto kitu hii."

Niliinua macho, nikaona hawezi kujibu: alikuwa ameshika magoti, mwekundu kuanzia kofia hadi viatu, akikohoa kunishinda mimi.

"Na miye pia niko na tuberculose?" aliuliza alipopata sauti. "Ni vumbi, mwana. Kunywa maji."

Nikacheka mpaka machozi yakachora mistari usoni. Tulikunywa maji, tukaendelea.

Karibu na adhuhuri tulifika Bangboka. Feza huwapikia wafanyakazi wa uwanja wa ndege, na tulimkuta kwenye masufuria yake. Alipoiona baiskeli alidondosha mwiko.

"Yaya! Na kinga? Weye?" alipaza sauti; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Akanikumbatia na vumbi langu lote, kisha akamchukua mtoto na kumweka mikononi mwangu kabla sijafungua mdomo kukataa. Mtoto alinitazama, akapiga kelele. Nilimrudisha haraka.

"Unaona? Anakataa kifua yangu."

"Anakataa vumbi, na hakujui," Feza alisema. "Iko ndoyi yako. Kaa hapa, akuzoee."

Nilinawa uso, nikampa Feza lile gauni dogo, nikaketi mkekani. Tulikula makemba na samaki kutoka sahani moja. Mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mtoto alinichungulia kutoka nyuma ya mama yake. Baadaye alitambaa hadi kwangu, akashika pindo la kitenge, akajivuta mpaka magotini, akalaza kichwa kifuani mwangu na kusinzia. Niliogopa hata kusogea. Tonton aligeukia barabara, akajifanya anatazama ndege inayoshuka.

Kesho yake tulirudi mjini taratibu, miguu ikiniuma kwa namna niliyoipenda. Nilitoa kitambaa juu ya cherehani jioni ileile.

Nilichojifunza ni kwamba dawa ilimaliza ugonjwa, lakini woga ulihitaji muda wake na mtu wa kutembea naye. Haukuisha wote. Siku nyingine bado nasimama njiani kusikiliza kifua, kisha napiga pedali.

Jana Feza alipiga simu: Asha mdogo amesimama peke yake. Tonton Saidi magoti yanamuuma, hawezi kuja. Nimeshajaza upepo matairini. Kesho nitakwenda peke yangu.