Kung'uta Ngata, Mama

Ile mwaka ya njaa, unga wa njano ulikuwa unatoka steshoni Tororo kwa lori mpaka kwetu Lumino. Lori linaogopa matope, linasimama barabarani, na sisi akina mama wa kanisa ndio tunabeba mifuko kichwani mpaka stoo. Hiyo kazi waliita kujitolea. Maana yake, sisi tunatoa shingo, mwenyekiti wa kamati ya chakula anatoa amri.

Sijaona mwanaume mdogo vile ndani ya koti kubwa vile. Aliamua sisi ni wezi. Kila mama akitoka stoo, anamwambia, "Kung'uta ngata, mama." Ngata ni kile kitambaa tunakunja duara, mzigo ukalie. Basi tunakung'uta mbele ya watu wenye njaa, na wao wanaangalia chini, labda unga utaanguka. Hakuna kitu kilianguka. Mwishowe akasema ngata basi, tubebe hivi hivi. "Kazi ya Mungu haitaki mto." Mimi nasali tangu mtoto, sijasikia Mungu akichukia kitambaa.

Jirani yangu, mama wa mapacha, akabeba hivi hivi. Mfuko ukateleza, ukavuta shingo upande. Kesho yake ukimwita, anageuka mwili mzima. Lakini alikuja kazini, kwa sababu asiyebeba hapewi uji. Mwenyekiti akamtazama. "Uvivu huo, mama."

Nikaweka mfuko wangu chini.

"Mzee, bila ngata mimi sibebi. Na huyu leo habebi kabisa, na uji atakunywa."

"Basi wewe rudi nyumbani."

"Narudi. Lakini unga wako uko barabarani, na mvua ile inatoka ziwani."

Wenzangu nao wakaweka mifuko chini. Hakuna aliyepiga kelele.

Akaangalia mawingu, akatuangalia sisi. "Nitawaonyesha!" Akainama. Halafu, kabla ya kunyanyua mfuko, akavua koti lake, akalikunja duara vizuri sana, akaliweka kichwani. Hata hakufikiri. Kichwa chake chenyewe kilikataa mzigo mtupu.

Mama wa mapacha, na hiyo shingo yake, akaita, "Kung'uta koti, mwenyekiti!"

Foleni nzima ya uji ikacheka, watu waliokuwa hawajacheka tangu mahindi kukauka shambani. Alifika stoo, hiyo simnyimi. Akatoka na koti mkononi, limejaa unga wa njano.

"Kung'uta, mzee! Kung'uta tuone!"

Akakung'uta.

Ngata zilirudi siku hiyo hiyo, na uji tukawa tunapewa kabla ya kubeba. Shingo ya jirani yangu haikurudi. Mpaka sasa, kanisani, akitaka kuona nani ameingia, anageuka na mabega yote. Mwenyekiti anakaa benchi ya mbele, na koti lile lile. Padri anasema tuwaombee waliotukosea. Basi namwombea. Kwanza naombea ile shingo, naomba sana, na wakati ukibaki, nafika kwake.