Kilio cha Jikoni Kwetu

Juzi nikishuka basi pale mtaa wa Ixelles, huku ughaibuni, niliona uso wake kwenye bango, mkubwa kama mlango: yule jirani yetu wa zamani wa ghorofa ya juu, mwanamke Mchile, mwigizaji wa jukwaani. Chini wameorodhesha tuzo zake. Nilicheka peke yangu, ndugu yangu, maana mimi namjua akiwa na aproni ya mke wangu, anakata vitunguu.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo alikuwa hajulikani. Jikoni kwetu palinukia sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki wakavu, watoto wakikimbizana, naye akirudia maneno ya mchezo wa kuigiza huku akisonga bukari, ugali wetu, vibaya. Halafu akapewa nafasi ya mjane. Akamwambia mke wangu kwamba hajui kulia kwa sauti. Kwao alizoezwa kulia kimya. Mke wangu akasema hilo ni jambo dogo.

Jumamosi hiyo nilirudi kazini nikakuta ngazi zimejaa watu wetu wa Katanga, wamebeba viti, sukari na sufuria za wali. Walisikia kilio, wakaja matanga. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono huku analia, akaniuliza nani ametutoka. Nilipanda mbio. Jikoni, wanawake wawili walikaa sakafuni wakilia kwa zamu, mke wangu akimsahihisha yule jirani.

"Bon, donc hakuna muntu amekufa?" akauliza yule mama wa kwaya.

"Hakuna, maman," mke wangu akajibu. "Ni masomo."

"Alors tukule. Mimi sirudishe wali nyumbani."

Tulikula, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili nilitaniwa hadi mlangoni. Jirani alipotuletea mwaliko wa watu wawili wa onyesho la kwanza, nilikataa.

"Papa, kile kilio ni changu," mke wangu aliniambia. "Acha niende nikione."

Nikasema hapana. Hakuna aliyenisukuma; ni kiburi changu.

Tulisimuliwa kwamba jirani alipolia jukwaani, ukumbi mzima ulisimama. Tuzo ya kwanza ilitoka hapo. Mchezo ukaisha, jukwaa likavunjwa, na hakuna aliyeurekodi. Mke wangu ametangulia. Mimi nimehama, na jikoni kwetu sasa wanapika wanafunzi nisiowajua.

Jioni ile ukumbi mzima ulimsikia mke wangu. Sisi wawili tulikuwa nyumbani, tunakunywa chai, na mimi nikidhani nimeshinda.